Aitweje Huko?

Ofisini walimwita Bi Kamusi, na hakukasirika, ingawa jina hilo alipewa na mtu aliyetaka kumkebehi. Alikuwa mfasiri wa hati. Vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, barua za waajiri, taarifa za hospitali: kila karatasi iliyotaka kuvuka mpaka ilipita kwanza mikononi mwake, ikatoka upande wa pili imegeuzwa lugha na kugongwa muhuri. Kwa miaka ishirini na sita alikaa chumba kimoja cha ghorofa ya pili. Meza yake ilitazama dirisha, dirisha likatazama ukuta wa jengo la jirani, na yeye alisema hiyo ndiyo mandhari nzuri kwa mtu wa kazi, maana haikushawishi kuinua kichwa.

Kazi ile ina usumbufu mmoja ambao sisi tunaosema "yeye" na kwenda zetu hatuujui. Tukisema mwombaji amesoma hapa, amefaulu, anapendwa na wenzake, tumemaliza. Hakuna anayetushika shati. Kiingereza hakikuachi upite hivyo. Kabla hujafika kwenye nukta kimeshakuuliza: bwana au bibi? Kifaransa ndiyo usiseme, kinadai jibu hata kwenye sifa, ukisema tu kwamba mtu ni hodari. Lakini tusijivune sana. Na sisi tukishatoka kwenye "yeye" tukaingia kwenye kaka na dada, mjomba na shangazi, tunauliza swali lilelile, ila tunaliuliza huku tunacheka na kumkaribisha mtu chai.

Zamani Bi Kamusi alikuwa anakisia kwa jina. Siku moja akakisia vibaya, na muuguzi mmoja akazuiwa uwanja wa ndege wa ugenini saa sita nzima, kwa kuwa pasipoti ilisema hili na barua ikasema lile. Muuguzi aliporudi likizo alimwendea pale mezani, hakugomba wala hakulalamika, akamwambia tu, "Mama, ungeniuliza." Bi Kamusi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Tangu siku ile akala kiapo cha kuuliza.

Ndipo zilipoanza kadi. Kila mteja alikuwa na kadi yake ngumu, kiasi cha kiganja, yenye namba, jina, anwani, simu, na mstari mmoja chini alioupiga yeye mwenyewe kwa rula: *Aitweje huko?* Mteja anajibu, yeye anaandika, na mtu yule akirudi baada ya miaka minne na karatasi nyingine, zote zinasema neno moja. Kadi zilikaa kwenye droo ndefu ya mbao, mia sita na arobaini kwa hesabu ya mwisho. Hakuna mfasiri mwingine aliyefanya kazi hivyo. Wenzake walimcheka, wakasema anauliza kama karani wa ndoa.

Karibu wote walijibu kwa neno moja, tena kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa kama ana pua. Lakini kumi na mmoja, muuguzi yule akiwemo, hawakujibu hivyo. Hao walinyamaza kwanza. Walitazama mlango. Halafu wakasema, kila mmoja kwa namna yake, jambo ambalo pengine hawakuwahi kuulizwa na mtu aliyeshika kalamu. Mwalimu wa hesabu alisema, "Kama huko wana neno la tatu, nipe hilo. Kama hawana, rudia jina langu, hata likichosha." Mpishi wa hoteli alisema asiitwe bwana wala bibi, na akaomba maji ya kunywa. Bi Kamusi aliandika yote kama yalivyosemwa, bila kuongeza chumvi.

Kwa ajili ya watu hao alijifunza upya akiwa na nywele za mvi. Alijua Waingereza wameazima neno lao la wingi wakampa mtu mmoja, na kwamba Waswidi walitunga neno la tatu likaingia kamusini. Alijua Wafaransa wanagombania lao mpaka leo. Aliposoma kwamba Wafini na Waturuki hawana shida hiyo, kwao ni neno moja kama kwetu, alifurahi kama aliyepata habari za ndugu waliopotea. Alimsimulia kila aliyekaa karibu, na waliokaa karibu walihama.

Moja ya kadi hizo kumi na moja ilikuwa ya mtu wa nyumbani kwake. Marehemu kaka yake aliacha mtoto mmoja, na Bi Kamusi, ambaye hakuolewa wala kuzaa, akamlea. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika tangu alfajiri. Mtoto yule alipofika miaka saba wageni walianza kuuliza ni wa kike au wa kiume, na alikuwa akiwajibu, "Mimi wa shangazi." Wageni walicheka. Alipofika ishirini alikuwa anajibu vilevile, na wageni hawakucheka tena.

Sasa Chiriku alikuwa na miaka thelathini na mbili, anachonga funguo katika kibanda cha bati nyuma ya posta. Mara moja tu aliwahi kuja ofisini na karatasi, barua ya kwenda kusomea ufundi wa makufuli ya umeme, safari ambayo haikutimia. Bi Kamusi alimuuliza kama alivyowauliza wengine, kwa sura ya kazini kabisa. "Huko nisiitwe hiki wala kile," Chiriku alisema. "Na wewe, shangazi, usilie hapa, watu wanaona." Hakulia. Aliandika.

Mambo yalianza kuharibika polepole, kama vitu vinavyooza kabatini. Kwanza redioni walianza kusema kuhusu "watu wasioeleweka". Wiki ya pili neno likabadilika, wakawa "watu wanaojificha". Kisha tukasikia kwamba katika mji wa jirani watu watano walichukuliwa kutoka saluni moja mchana kweupe, wakarudi watatu, na hao watatu hawakutaka kusema lolote. Ofisini hapakuwa na mabadiliko, isipokuwa watu walianza kufunga milango wanapozungumza, na karani wa masjala, aliyekuwa akimtania Bi Kamusi kila asubuhi kwa miaka kumi, akawa anapita akitazama sakafu.

Halafu akaja mkuu mpya. Alikuwa mpole kupita kiasi, na mimi upole wa namna ile siuamini. Hakupandisha sauti, alishika mlango watu wapite, alimletea Bi Kamusi mto wa kukalia kwa sababu alisikia mgongo unamsumbua. Ijumaa moja mchana aliingia chumbani, akasimama karibu na dirisha lisilo na cha kutazama.

"Mama yangu," alisema, "nimeambiwa una droo ya ajabu."

"Droo ya kadi tu, mkuu. Ya wateja."

"Nimesikia unawauliza swali. Swali zuri sana. Wengine hatukuwa na akili hiyo." Alitabasamu. "Jumatatu asubuhi niletee zote. Tunaziingiza kwenye kompyuta, usiendelee kuteseka na karatasi."

"Zote?"

"Zina namba, sivyo? Basi zote. Moja ikipungua tutahangaika bure kuitafuta."

Alipotoka, Bi Kamusi alikaa na mikono juu ya meza. Alielewa papo hapo alichokifanya. Kwa miaka yote ile, kwa wema na kwa usafi wa kazi, alikuwa amewaandikia watu hao orodha. Hakuna polisi wala mpelelezi ambaye angeweza kuwakusanya. Wao wenyewe walimwendea mmoja mmoja, wakamwamini, naye akawapa namba na kuandika simu zao.

Kuchoma droo nzima hakuwezekani. Alikuwa ameitilia saini kwenye daftari la vifaa vya ofisi, na mia sita na arobaini zikitoweka siku tatu baada ya kuulizwa, hapo ni kama amemwaga mtama mwenyewe, wangeanza na yeye na kumalizia na kila mtu wa nyumbani kwake. Akaamua jingine. Kadi kumi na moja angeziandika upya. Namba zilezile, tarehe zilezile, na pale chini, badala ya maneno yao, neno moja la kawaida: bwana, au bibi. Alizitoa drooni, akazitia kwenye mkoba, na kutoka akimuaga mlinzi kama siku zote.

Jumamosi asubuhi alinunua pakiti ya kadi duka la vifaa vya ofisi, aina ileile aliyoitumia tangu zamani. Kabla ya kurudi nyumbani alipitia kwa Chiriku. Mashine ilikuwa inalia, vumbi la shaba limetanda juu ya meza. Alisubiri mteja aondoke, akaeleza yote kwa sauti ya chini.

Chiriku aliuchomoa ufunguo uliokuwa mashineni, akauweka mezani.

"Kwa hiyo unanifuta," alisema.

"Nakuficha, mwanangu."

"Nilijificha miaka mingapi, shangazi? Mahali pamoja tu duniani nimeandikwa sawasawa. Kakadi kale. Nilikuwa nikikumbuka kwamba kapo, nalala vizuri."

"Wakikusoma watakuja."

"Najua watakuja. Mimi si mtoto." Chiriku alichukua brashi akawa anafagia vumbi mahali ambapo hapakuwa na vumbi. "Utaniandika nani?"

Usiku kucha Bi Kamusi alikuwa amelifikiria hilo, na hakuweza. Kwa wale kumi aliona ni kuchagua tu, kinachofanana zaidi na jina la pasipoti. Kwa huyu aliyemwogesha, aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, kila neno kati ya yale mawili lilikuwa uongo, na alijua atakayeuandika ni yeye.

"Andika unachotaka," Chiriku alisema. "Ila usiniambie umeandika nini. Na safari hii ukitaka kulia, lia."

Akalia basi, hapohapo, mbele ya mtu aliyekuja na kitasa kibovu.

Siku ile mchana alifunga mlango wa nyumbani akakaa kwenye meza ya chakula. Aliandika kwa uangalifu ambao haujawahi kuonekana. Alitafuta kalamu za wino uleule wa buluu. Alikumbuka kwamba miaka ya nyuma alikuwa akiandika tarehe kwa nukta na baadaye kwa alama ya mkwaju, akaandika kila kadi kwa desturi ya mwaka wake. Kwenye kadi ya mwalimu wa hesabu alirudisha hata kosa dogo alilolifanya kwenye jina la mtaa. Alisoma kila neno mara tatu, kama alivyosoma hati za watu maisha yake yote, na hakuona kasoro. Ya Chiriku aliiacha mwisho. Aliandika neno moja, akaigeuza kadi uso chini kabla wino haujakauka, ikaacha alama kwenye kitambaa cha meza. Zile za zamani alizichoma kwenye sufuria, moja moja, akizisoma kwanza.

Jumapili alilala mchana kutwa. Alihisi amefanya jambo chafu, lakini alihisi pia wote kumi na mmoja wamepona.

Jumatatu aliwahi kabla ya wafagiaji. Alizirudisha kumi na moja mahali pake kwa namba, akaisukuma droo mara mbili tatu ili zikae, kisha akaomba msaada wa mlinzi kuibeba mpaka kwa mkuu.

Mkuu alimkaribisha kiti. Alimwagizia chai. Aliuliza habari ya mgongo. Droo ilikuwa mbele yake, na Bi Kamusi alijiandaa kwa maswali. Alikuwa ameyafikiria yote, kwa nini huyu bwana, kwa nini yule bibi, majibu yako tayari mdomoni.

Mkuu hakusoma hata kadi moja. Alisimama, akaenda upande wa dirisha, akaitazama droo kutoka juu, kama mtu anayetazama meno ya kitana. Halafu akapitisha kidole gumba polepole juu ya kingo za kadi, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Hapo ndipo Bi Kamusi naye alipoona, kwa mara ya kwanza. Miaka yote ile alikuwa ameangalia maneno. Karatasi hakuwahi kuiangalia. Kadi za zamani zilikuwa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa, pembe zimelegea kwa kushikwashikwa. Katikati yake, hapa moja, pale moja, zilisimama kingo nyeupe, kali, safi.

Mkuu alizivuta bila haraka, akaziweka mezani kwa mstari.

"Kumi na moja," alisema. "Mimi nilidhani watano, sita hivi. Mama yangu, nilikuwa nimepanga vijana wanne wakae wiki nzima kusoma." Alimtazama kwa shukrani ya kweli kabisa. "Umetupunguzia kazi."

"Hizo zililowa, mkuu. Maji yalimwagika, nikaziandika upya."

"Zilizolowa ni hizo tu? Namba kumi na saba ilowe, mia mbili na tatu ilowe, zilizo jirani zibaki kavu?"

Mkuu aliita, karani wa masjala akaingia, akazichukua zile kadi akitazama sakafu, akaenda nazo chumba cha pili. Kati ya vyumba vile viwili kuna ukuta wa mbao tu. Bi Kamusi alimsikia akipiga simu. Akasikia akisoma, taratibu, kwa sauti ya mtu anayetaka kueleweka vizuri: jina, anwani, namba ya simu. Muuguzi, yule aliyesema ungeniuliza. Mpishi wa hoteli. Mwalimu wa hesabu, na karani akasoma mtaa na kosa lake, upande wa pili wakauliza, akarudia.

"Kunywa chai, itapoa," mkuu alisema.

Akanywa. Sijui kwa nini alikunywa. Hata yeye hakujua. Alikuwa akihesabu. Chiriku alisomwa wa tisa. Nyuma ya posta, karani alisema, kibanda cha bati, hufungua saa mbili.

Walimkalisha pale muda mrefu baada ya kadi ya kumi na moja. Mkuu alizungumza kuhusu kustaafu, kuhusu watu wa zamani walivyokuwa na moyo wa kazi. Saa yake ya ukutani ilipofika saa nne kasorobo aliitazama, akasimama, akamfungulia mlango. "Nenda upate hewa, mama yangu. Unaonekana umechoka."

Alitembea mpaka mwisho wa ujia, akaingia stoo ya mafagio, akapiga simu. Chiriku alipokea huku mashine inalia.

"Zima mashine," Bi Kamusi alisema. "Funga kibanda, toka sasa hivi. Usiende nyumbani. Usinifuate mimi pia."

Mashine ilizimwa. "Wamenijua?"

"Wamekujua."

"Nani kawaambia?"

Angeweza kumtaja karani. Angeweza kumtaja mkuu, au redio, au nchi nzima, na isingekuwa uongo.

"Mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyewaonyesha. Nilibadilisha zenu tu, zingine nikaziacha. Nisamehe, mwanangu. Toka."

Chiriku alivuta pumzi. "Shangazi, kuna wateja wawili wamesimama hapa tangu nilipofungua. Nilidhani wanasubiri zamu." Kisha sauti yake ikawa mbali kidogo, ya mtu aliyeshusha simu bila kuikata.

Bi Kamusi aliibana simu sikioni kwa mikono yote miwili. Alimsikia mwanamume akisalimia, kwa adabu nzuri, akiuliza kama hapa ndipo kwa fundi wa funguo. Halafu akauliza, kwa adabu ileile, wamwiteje: bwana fundi, au bibi fundi?



"Fundi tu," Chiriku alisema.

Kisha bati la kibanda likashushwa, na simu ikakatika.